Kazi ya Punda katika Ukanda wa Dhahabu: Kumbukumbu kwa Anayeota Farasi

Kijana wa Shinyanga au Geita anayetaka kuishi kwa kazi ya farasi huanza na punda, kwa sababu farasi wenyewe hapo karibu hawapo. Si kwamba wenyeji hawajui mifugo. Wasukuma wamechunga ng'ombe kwa vizazi vingi, na mtoto wa miaka 8 huko huweza kumtambua ng'ombe wa baba yake katikati ya kundi la watu wengine. Farasi wamezuiwa na maradhi mawili. La kwanza ni nagana, linaloletwa na mbung'o: likimpata farasi humdhoofisha na kumuua upesi, ilhali punda huhimili zaidi, ingawa naye hukonda na kupoteza nguvu. La pili ni homa ya farasi ya Afrika, ambayo virusi vyake husambazwa na visubi wanaouma jioni na usiku. Farasi 100 wasiochanjwa wakiambukizwa, zaidi ya 70 wanaweza kufa. Punda hupata virusi hivyohivyo na mara nyingi haonyeshi dalili yoyote.

Historia imelirudia somo hili zaidi ya mara moja. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa kabla msafara haujafika mbali na pwani. Punda wake nao walikwisha mmoja mmoja njiani, wengi kwa mizigo na kukosa uangalizi. Shinyanga yenyewe ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o wakati wa Waingereza. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti huo hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, alishirikiana na watemi wa Kisukuma tangu miaka ya 1920 kuwatoa watu kwa maelfu wakafyeke vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Mbung'o walirudi nyuma, malisho yakafunguka, ng'ombe wakaongezeka, na ardhi ikaanza kuwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika ili yaliwe kiangazi. Punda anayefanya kazi mwezi wa Septemba huko Kishapu, wakati nyasi za njiani zimekwisha, mara nyingi hula majani yaliyotunzwa kwa utaratibu huo.

Kumbukumbu zinazofuata ni za mwandishi aliyekulia Kishapu katika kaya yenye punda, akaendesha mkokoteni wa mawe katika machimbo madogo ya Nyarugusu, Geita, kisha akasomea afya ya mifugo. Njia aliyoipita haikupangwa. Vijana wengi wa huko huingia katika kazi ya punda hivyohivyo: mnyama yupo nyumbani, maji yako mbali, na mtoto ndiye anayetumwa. Kupanga huja baadaye, pale mtu anapogundua kwamba kazi aliyoiona ya kitoto ina ujuzi unaolipwa.

Ujuzi wa kwanza ni wa uzito. Punda wa kawaida wa Kanda ya Ziwa ana kilo 130 hivi, na wakubwa hufika 150. Kanuni inayofundishwa ni kwamba mgongoni abebe karibu theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50. Katika kaya nyingi punda mmoja hufungwa madumu manne ya lita 20, mawili kila upande. Hizo ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama mwenyewe, na kwa kuwa anatembea bila kulalamika, watu huamini anaziweza. Punda hana tabia ya kupiga kelele akiumia. Huficha maumivu kama mnyama wa porini anayewindwa, na anayemtunza hujifunza kusoma mambo madogo: sikio lililolala upande mmoja, mguu wa nyuma unaopumzishwa mara kwa mara, kichwa kinachoelekezwa ukutani, kula polepole kuliko jana.

Ujuzi wa pili ni wa vifungio, na hapo Usukumani pana kosa la kurithi. Maksai husukuma nira kwa nundu na mabega, ndiyo maana nira ya mbao inayolala juu ya shingo inamfaa. Punda hana nundu. Nguvu yake iko kifuani. Akifungwa nira ya ng'ombe, ule mti hukaa juu ya mifupa ya bega iliyofunikwa na ngozi tupu, na baada ya wiki chache pale juu hupatikana kidonda ambacho hakiponi kwa sababu kila asubuhi kinarudiwa. Punda wenye alama nyeupe za manyoya mabegani ni wengi katika minada ya kanda hii. Ni makovu, ingawa baadhi ya wanunuzi hudhani ndiyo rangi yao.

Mkanda wa kifua unaofaa hutengenezwa kwa vitu vilivyopo. Huchukuliwa kipande cha mkanda wa turubai au cha tairi la baiskeli lililokatwa waya za kingo, upana wa kiganja, kikavishwa gunia la katani lililokunjwa mara tatu na kushonwa kwa uzi mnene. Mkanda hupita mbele ya kifua, chini ya koo na juu ya maungio ya miguu: ukipanda, unamkaba, ukishuka, unamzuia kupiga hatua. Mkanda mwepesi hupita juu ya mabega kuushikilia usianguke, na mwingine huzunguka mgongo kubeba mikono ya mkokoteni. Kamba ya manila isiguse ngozi mahali popote, kwa sababu jasho na vumbi huigeuza msumeno. Fundi wa viatu yeyote wa Kahama anaweza kuushona mkanda huo akionyeshwa mara moja, na mtu anayeishona mikanda hiyo kwa kuuza hawi na washindani wengi. Mikokoteni haikosi mafundi; vifungio ndivyo vinavyokosa wenyewe.

Mkokoteni wenyewe ni wa magurudumu mawili, ekseli yake ikitoka kwenye gari chakavu. Mzigo ukikaa mbele mno, mikono humlemea punda mgongoni. Ukikaa nyuma mno, mikono huinuka na mkanda wa tumbo humbana. Mpakiaji mzuri hupanga magunia, kisha hushika ncha ya mkono mmoja na kuuinua kwa vidole viwili. Ukiinuka kwa shida kidogo tu, mzigo umekaa. Hicho ndicho kipimo kinachotumika, na ni kizuri kuliko mizani.

Katika ukanda wa dhahabu kazi hubadilika sura. Migodi mikubwa, kama Geita Gold Mine iliyoanza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu huko Kahama, hutumia mitambo na haina haja na punda. Wanaomhitaji ni wachimbaji wadogo. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la uchimbaji, hupelekwa kwenye makarasha kusagwa, na kutoka duara hadi karasha mara nyingi hakuna barabara ila njia yenye mashimo, mabonde na marundo ya udongo, mahali ambapo lori haliingii. Punda hupita. Hupeleka pia maji, magogo ya kushikilia kuta za maduara, na mboga za mama lishe. Malipo huhesabiwa kwa mfuko au kwa safari, na hapo ndipo mwendeshaji asiyejua uzito anapoumizwa pamoja na mnyama wake. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukijazwa mawe hadi mdomoni haubaki kilo 50: unaweza kukaribia 90, kwa kuwa jiwe ni zito kuliko sukari. Mwenye duara anayelipa kwa mfuko hutaka ujazwe. Mwendeshaji mwenye akili hukubaliana naye kabla mfuko haujashonwa, kwamba utajazwa hadi mstari fulani, na mstari huo huchorwa kwa mkaa kwenye mifuko yote.

Mwandishi alifundishwa mstari huo na mzee mmoja aliyekuwa na punda wanne pale Nyarugusu. Vijana walimcheka kwa safari zake chache. Wao walikimbiza punda kwa fimbo tangu alfajiri hadi magharibi. Yeye aliwafungua saa sita mchana, akawaacha wajigaragaze mavumbini, akawanywesha, akawarudisha kazini saa tisa. "Mwanangu," alisema alipoulizwa kwa nini anapoteza saa tatu, "mimi sili safari za leo tu." Hesabu yake haikuwa ya huruma peke yake. Punda anayetunzwa huweza kuishi miaka 30 na kufanya kazi kwa zaidi ya nusu ya umri huo. Wa machimboni anayesukumwa bila kupumzika hukwisha katika miaka michache, na mwenyewe hurudi mnadani kununua mwingine.

Machimbo yana hatari zake ambazo kijijini hazipo. Maji yaliyotuama karibu na mialo na sehemu za kuchenjulia yanaweza kuwa na zebaki au sayanaidi, na mnyama mwenye kiu hachagui. Kwa hiyo punda wa machimboni hunyweshwa kabla ya kuingia eneo hilo na baada ya kutoka, wala haachiwi huru humo ndani hata kwa dakika chache. Maduara yaliyoachwa bila kufukiwa huvunja miguu. Vipande vya chuma na mawe makali huchoma kwato, na kidonda cha kwato kikifungika juu huku kimeoza ndani ni mlango wa pepopunda, ugonjwa ambao farasi na punda huupata kwa urahisi kuliko ng'ombe. Chanjo yake ipo, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na punda mzima.

Jambo jingine linalowapoteza wafugaji wa ng'ombe ni kudhani kwamba punda ni ng'ombe mdogo. Dawa za kuogesha zenye amitraz, zinazotumika katika majosho mengi kuua kupe, haziwafai farasi na punda: huweza kusimamisha mwendo wa utumbo na kumletea mnyama msokoto wa tumbo unaoua. Dawa za nagana zilizozoeleka kwa ng'ombe pia zina mpaka mwembamba zaidi kwa punda, na kipimo cha kukadiria kwa macho kinaweza kumuua aliyekuwa apone. Kisha kuna njaa. Ng'ombe mgonjwa akisusa majani siku mbili, mfugaji husubiri aone. Kwa punda, hasa jike mwenye mimba au aliyenenepa, siku mbili bila kula zinatosha mafuta ya mwili kumiminika kwenye damu na kuharibu ini. Asiyekula leo hutafutiwa mtaalamu leo.

Mambo haya yote yalikuwa maarifa ya kawaida ya kazi hadi pale thamani ya punda ilipobadilika kutoka mahali mbali. Huko China ngozi ya punda huchemshwa kutoa gundi inayoitwa ejiao, ambayo huuzwa kama dawa ya kuongeza damu na kurudisha nguvu. Punda wa China, waliokuwa karibu milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipungua hadi chini ya milioni 3, na wanunuzi wakaigeukia Afrika. Tanzania ilikuwa na machinjio mawili ya punda, moja Dodoma na lingine hapahapa Shinyanga. Kenya ilifungua manne. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ile ya 2019 ilikuta milioni 1.2 hivi.

Kwa mfugaji wa kuchinja, mahitaji yakipanda huongeza uzazi. Punda hafanyi hivyo. Jike hubeba mimba miezi 12, wakati mwingine zaidi, huzaa mmoja, na huyo mmoja hafai kwa kazi nzito kabla ya miaka 4. Machinjio yanapotoa wanyama kwa kasi kuliko hiyo, hakuna anayeweza kuwarudisha. Vijijini jambo hili lilionekana kwanza kama bahati: punda mzee ambaye hakuwa na mnunuzi alipata bei. Kisha bei ya punda wa kazi nayo ikapanda, na aliyepoteza mnyama akashindwa kununua mwingine. Wizi ulifuata. Kaya zilizoachia punda wao walale nje zilianza kuwaingiza zizini pamoja na ng'ombe, na wanawake waliokuwa wakiteka maji kwa punda wakarudi kubeba ndoo kichwani. Katika hesabu za biashara ya ngozi safu ya hao wanawake haikuwepo.

Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, na Desemba ya mwaka huo Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa Afrika nzima kuhusu mnyama huyo. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliridhia marufuku ya bara zima. Kwa anayepanga kazi, somo liko katika mfuatano wa mambo: katika muda usiozidi miaka kumi, mnyama yuleyule alikuwa chombo cha usafiri, akawa malighafi ya kiwanda, akarudi kuwa chombo cha usafiri chini ya ulinzi wa sheria. Aliyekuwa amewekeza katika kumiliki punda wengi aliyumba na kila badiliko. Aliyekuwa na ujuzi wa kuwatibu na kuwafunga vizuri aliitwa katika vipindi vyote vitatu.

Kuna mabadiliko mengine yaliyokuja bila kelele. Bomba la maji ya Ziwa Victoria lilipofika Kahama na Shinyanga mwishoni mwa miaka ya 2000, waliokuwa wakiuza maji kwa mikokoteni mjini walipoteza wateja mtaa mmoja baada ya mwingine. Wengine walihamia vijiji ambavyo bomba halijafika, wengine machimboni, wengine mchanga na matofali. Sasa guta, pikipiki ya magurudumu matatu, imechukua mizigo ya barabara nzuri. Haitachukua kila kitu: inahitaji petroli na njia, na mwenye magunia mawili ya mpunga Ushetu wakati wa masika hana uhakika na vyote viwili. Hata hivyo anayeanza leo asiweke mtaji wake wote kwenye mkokoteni wa mjini.

Njia ya darasani ipo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Mabuki, wilayani Misungwi, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga. Hapo hufundishwa afya na uzalishaji wa mifugo kwa ngazi ya cheti na stashahada, na mhitimu wa Kidato cha Nne aliyefaulu masomo ya sayansi, Biolojia kwanza, anaweza kuomba. Anayetaka kuwa daktari kamili wa mifugo huenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa shahada ya miaka 5. Mafunzo haya yameelekezwa zaidi kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na hiyo si ajabu kwa kuwa ndiko fedha iliko. Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi ya mwaka 2020/21 ilitaja ng'ombe zaidi ya milioni 33, na punda 650,000 hivi. Mwanafunzi anayependa punda hulazimika kuuliza maswali ambayo mwalimu hakuyapanga na kuomba mafunzo ya vitendo kwa wanaowatibu. Mashirika ya ustawi wa wanyama ya Arusha yamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na huko Lamu, kisiwa ambacho usafiri wake wa jadi ni punda na mashua, kuna kliniki ya punda tangu mwaka 1987.

Anayemaliza chuo hasajiliwi na hewa. Sheria ya Veterinari, Sura ya 319, inataka atambuliwe na Baraza la Veterinari kabla ya kutoa huduma kwa malipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamhusu moja kwa moja, kwa sababu kumtwisha mnyama kupita kiasi na kumfanyisha kazi akiwa na kidonda ni mambo yanayoweza kumfikisha mtu mbele ya sheria. Mtaalamu anayeijua huitumia kama hoja kwa mteja. Mwenye mkokoteni asiyejali huruma huwa tayari kusikiliza habari ya faini.

Katika miaka ya kwanza kazi ya punda peke yake haimlishi mtaalamu. Wanaodumu huichanganya: chanjo za kuku asubuhi, ng'ombe wa maziwa mchana, kwato na vidonda vya punda siku ya mnada, ambapo wanyama hukusanyika na wenye wanyama wana fedha mkononi. Siku hiyo moja kijana mwenye kisu cha kwato, chuma cha kusugulia, dawa ya minyoo na mikanda ya kifua ya kuuza huweza kuhudumia watu ambao kuwafuata kijiji kwa kijiji kungemchukua mwezi. Akiwa hapo huulizwa pia ushauri wa kununua, nao ni huduma inayostahili ada. Hufungua mdomo kwanza: punda ambaye hajabadilisha meno yote ya mbele hajafika miaka 5. Hupitisha kiganja mabegani na mgongoni kutafuta makovu, huinua miguu yote minne, humtembeza kwenye ardhi ngumu na kusikiliza kama mapigo ya kwato yanalingana. Mwisho huuliza barua ya serikali ya kijiji alikotoka, kwa sababu punda wa wizi hana kasoro nyingine.

Anayebaki na hamu ya farasi baada ya haya yote ana mahali pa kwenda. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi jijini Dar es Salaam. Arusha na Kilimanjaro zina mashamba yanayotembeza watalii kwa farasi, na Nairobi kuna uwanja wa mbio wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, wenye mazizi yanayoajiri watunzaji. Kijana wa Shinyanga hufika huko akiwa amezoea kukaribia mnyama bila kumshtua, kuinua mguu, kufunga vifungio na kutambua mwendo wenye kasoro. Atakayojifunza upya ni mengine. Farasi hutishika na kukimbia pale ambapo punda husimama na kufikiri. Hula zaidi na huhitaji chakula kilichopimwa. Huchanjwa homa ya farasi kila mwaka, huvishwa viatu vya chuma vinavyobadilishwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na baadhi ya dawa za maumivu hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko kwa punda, hivyo ratiba ya dozi aliyoizoea Nyarugusu haitamfaa Ngong.